Wawili wa Kuvuta Kamba

NGEDERE: Haloo? Naongea na nani?

MAMA PACHA: Na mke wa kaka yako. Mara hii umeshanisahau?

NGEDERE: Aa, shemeji. Shikamoo. Simu mpya hii, majina hayajaingia.

MAMA PACHA: Marahaba. Nimeingia stoo asubuhi hii, nimekuta sanduku la marehemu liko wazi.

NGEDERE: Nilipita jana, hukuwepo. Jirani akanifungulia. Nilitaka kukupigia—

MAMA PACHA: Manati kubwa haimo.

NGEDERE: Ninayo mimi.

MAMA PACHA: Miaka miwili hujakanyaga hapa. Tangu tumzike kaka yako. Watoto wanauliza baba mdogo yuko wapi, nakosa la kuwajibu. Jana ukaja kwa ajili ya manati.

NGEDERE: Kazi, shemeji. Kuna mkaratusi nyuma ya zahanati, umeegemea paa la wodi. Daktari anasema usipoondolewa wiki hii, upepo utauangusha juu ya wagonjwa. Tawi la kwanza liko mita ishirini na mbili. Jana nilirusha kifuko chenye uzi kwa mkono tangu saa moja mpaka bega likafa ganzi. Mara kinagonga gome, mara kinanirudia mwenyewe. Mlinzi wa hapa alicheka mpaka machozi.

MAMA PACHA: Ule ufito wa kuunganisha, wa kupandishia uzi?

NGEDERE: Unaishia mita kumi.

MAMA PACHA: Na yule mpiga picha mwenye droni? Si aliwahi kuwapandishia uzi?

NGEDERE: Kwa upepo huu? Itapeperuka kama karatasi. Imebaki manati tu. Unasimamisha mlingoti, unavuta mipira mpaka magotini, unaachia. Uzi unafika unakotaka.

MAMA PACHA: Usinifundishe. Nimemshikia kaka yako kamba miaka tisa kabla hujajua kufunga fundo.

NGEDERE: Samahani.

MAMA PACHA: Hakuwa anaipenda. Alikuwa akisema mkono unarusha pale jicho linapoona, lakini manati inakupeleka usikokuona. Hata siku aliyoanguka aliondoka hapa na kifuko chake na uzi, basi. Manati uliibeba wewe.

NGEDERE: [Mtandao unakwaruza.] ...sikupati vizuri—

MAMA PACHA: Umesharusha?

NGEDERE: Mara moja tu, kifuko kikapita juu ya tawi. Mita thelathini hivi. Kamba nene nimeshaipandisha kwa ule uzi. Nimevaa mkanda, nilikuwa ndiyo naanza kupanda, ukapiga.

MAMA PACHA: Tawi lenyewe unaliona?

NGEDERE: Majani yameziba. Lakini ni nene.

MAMA PACHA: Kama huoni, unene wake umeujuaje?

NGEDERE: Shemeji, jua linapanda—

MAMA PACHA: Umelijaribu?

NGEDERE: Nimening'inia. Halikutikisika.

MAMA PACHA: Peke yako.

NGEDERE: Peke yangu, ndiyo.

MAMA PACHA: [Anashusha pumzi.] Sheria yenu ilikuwa gani?

NGEDERE: Wavute wawili kwanza, kwa uzito wao wote. Ndipo mmoja apande.

MAMA PACHA: Siku ile mlivuta wangapi?

[Upepo unavuma kwenye simu.]

MAMA PACHA: Ngedere.

NGEDERE: Mtandao huku, shemeji, unakatika—

MAMA PACHA: Mtandao uko sawa. Nasikia mpaka unavyopumua.

NGEDERE: Nilishakueleza pale hospitali. Tulivuta.

MAMA PACHA: Ulinieleza. Haya, mwite huyo mlinzi.

NGEDERE: Ni mzee, ana mgongo—

MAMA PACHA: Mwite. Weka spika, tia simu mfukoni. Kwanza vua mkanda. Halafu kaeni mbali na shina, mbali kabisa, mahali tawi likianguka haliwafikii. Kamba inatosha?

NGEDERE: Inatosha.

MAMA PACHA: Basi vuteni. Mimi nasubiri.

NGEDERE: [Sauti iko mbali.] Mzee, njoo unisaidie hapa. Aa, si kupanda, kuvuta tu. Shika hapa nyuma yangu. Nikisema tatu tunalala wote. Moja. Mbili—

[Mlio mkavu. Majani yanachanika kwa muda mrefu. Kishindo.]

MAMA PACHA: Haloo?

[Mtu anakohoa.]

MAMA PACHA: Ngedere. Ngedere, nijibu.

NGEDERE: Nipo.

MAMA PACHA: Na mzee?

NGEDERE: Yupo, amekaa chini. Hajaumia. Limekatikia shingoni, shemeji, pale linapoungana na shina. Nimelisogelea. Nje gome zima, ndani unga mtupu. Ukilishika linamomonyoka.

MAMA PACHA: Na uliponing'inia lilikushika.

NGEDERE: Lilinishika. Lilikaa kimya kabisa.

MAMA PACHA: Kama lile jingine.

NGEDERE: Shemeji, siku ile kaka aliniuliza—

MAMA PACHA: Najua.

NGEDERE: Hujui. Aliniuliza nipo tayari tuvute, nikamwambia—

MAMA PACHA: Ulipokuja hospitali glavu zako zilikuwa mfuko wa nyuma. Zimekunjwa, zina lebo ya dukani. Za kwake zilikuwa zimechubuka viganja vyote viwili. Nilikaa nimeziangalia muda wote unanieleza mlivyovuta.

NGEDERE: Miaka miwili yote?

MAMA PACHA: Yote.

NGEDERE: Na hukusema kitu.

MAMA PACHA: Ningesema nini? Nilitaka nikusikie wewe. Nilikuwa nikisikia pikipiki inasimama nje naweka sufuria chini, nasema leo amekuja.

NGEDERE: Nilikuwa nafika mpaka kona ya duka la dawa. Nageuza.

MAMA PACHA: Usiuguse tena mti huo leo. Mwambie daktari awahamishe wagonjwa, mtafute gari lenye ngazi. Umenisikia?

NGEDERE: Nimekusikia.

MAMA PACHA: Na jioni uje. Salio langu linaishia, sikiliza. Mimi nimeshajua, wao hawajui. Mkubwa anasema akimaliza shule atafanya kazi na wewe. Anasema baba mdogo ndiye alikuwa na baba mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo ndiye—

NGEDERE: Shemeji, usiniambie hivyo.

MAMA PACHA: Utakaa nao mezani, utawaambia mwenyewe. Mimi siwezi tena kuwaficha—

[Mlio mfupi.]

NGEDERE: Shemeji?

[Simu imekatika.]

NGEDERE: Nije saa ngapi? Haloo? Shemeji, nije saa ngapi?