Ile "t" ya Jiweni

Treni ilitubembeleza hadi usingizini, nami nikabakiza sikio moja macho. Mchonga mawe ya makaburi alikuwa amepakata jiwe lililoandikwa "Thou hast come home", yaani umefika nyumbani.

"Mjane kaniandikia hivi mwenyewe, na ananisubiri stesheni. Lakini kamusi ya binti yangu ina 'has' tu. Hii 't' naiziba kwa saruji."

"Ni Kiingereza cha kale, fundi," akasema jirani yake, mwalimu wa Kijerumani. "Kwetu 'hast' ni ya kila siku. Hizi lugha ni ndugu. Mmoja kavua kofia, mwenzake bado kaivaa."

"Marehemu hakuwa Mjerumani, mama."

"Kwani alikuwa Mwingereza?"

Fundi akaifunika herufi kwa kidole gumba, akaifunua, akaifunika tena. Treni ikasimama. Nje, mama mmoja alikuwa akichungulia mabehewa, dirisha moja baada ya jingine.