Mama Kengele na Gurudumu la Nyuma

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma mita za maji, Mama Kengele anastaafu. Alianza kazi akiwa mama wa binti mmoja, na miaka yote hiyo amezunguka kwa baiskeli ileile nyeusi. Jina hilo tulimpa sisi: hakuingia ua wa mtu bila kupiga kengele mara tatu, ili mbwa na wenye mbwa wajiandae.

Daftari zake zilikuwa safi mno, hadi mkubwa wa kitengo akawa anazitumia kuwafundishia wapya. Mwezi mmoja alikuta kuku amejilaza juu ya mita. Akaandika: "Mita haikusomwa. Kuku anaatamia." Mkubwa alifoka kwamba ofisini hakuna mzaha. Mwezi uliofuata akaandika: "Mita imesomwa. Vimetoka tisa."

Lakini nitakuwa mnafiki nikieleza vichekesho tu. Nimekaa naye dawati moja miaka kumi na tisa, na ameniruhusu niandike haya.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Mama Kengele akiwa na mwaka wa kumi na tano kazini, mume akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, maneno yakapotea. Mtu aliyekuwa hanyamazi, anayesemezana hata na baiskeli, akageukia ukuta. Wiki saba hakutamka kitu. Uji aliumeza kwa kubembelezwa.

Katikati ya hayo, Mama Kengele akateleza mtaroni na gurudumu la nyuma likapinda. Likawa linayumba kama mlevi, linasugua breki. Mkubwa akamwambia: Jumatatu asipokuwa na baiskeli nzima, eneo lake atapewa mwingine, yeye ahamie stoo. Mafundi wengine walikuwepo. Ila kuipeleka baiskeli ya fundi kwa fundi mwingine aliona ni kama kumzika mumewe angali hai.

Jumamosi asubuhi akaipindua chumbani, magurudumu juu, hatua mbili kutoka kitandani, maana hakutaka kumwacha mgonjwa peke yake. Wifi yake akachungulia, akashika kiuno.

"Wifi, chumba cha mgonjwa ndiyo umekigeuza gereji?"

Mama Kengele alichukua spana ndogo ya mumewe, akaanza kukaza spoki kwa kukisia. Kila alivyokaza, gurudumu lilizidi kupinda.

"Siyo."

Alidhani ni wifi. Kugeuka, wifi ameshaondoka, na mumewe ameuacha ukuta, anatazama gurudumu.

"Siyo hii?" mkewe akauliza.

"Siyo."

Akashika spoki ya upande wa pili. "Hii?"

"Ee."

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Ringi ikivutika kulia, unalegeza spoki za kulia na kukaza za kushoto, robo mzunguko tu, kisha unazungusha na kutazama nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Kila alipozungusha aliuliza kama tayari. "Bado," alijibiwa. Mpaka alasiri ni bado, bado, bado.

"Baba wee," akamwambia huku machozi yanamtoka, "ugonjwa umechukua kila kitu, ubishi umekuachia!"

Upande mmoja wa mdomo ukacheka. Siku hiyo mgonjwa alikula bila kubembelezwa, na Jumatatu mkewe akaenda kazini kwa baiskeli.

Mume aliishi miaka sita zaidi. Maneno hayakuongezeka sana. Kila Jumamosi baiskeli iliingia chumbani, hata kama ilikuwa nzima. Mama Kengele aliniungamia baadaye kwamba mara nyingine alilegeza spoki moja makusudi, ili mzee apate kazi.

Mume alipofariki, alirudi kazini siku ya nane. Gurudumu likaanza kuyumba tena, naye hakuligusa. Kwa miezi kumi na moja tulimsikia akija kabla ya kumwona, breki inakwaruza kila mzunguko. Tulijitolea kumtengenezea. "Liacheni," alisema. "Liende hivyohivyo."

Kisha Jumatatu moja akaingia kimya, breki haikwaruzi. Wakati wa chai akasema mwenyewe:

"Nimelinyoosha juzi. Nikazungusha, nikauliza tayari? Nikangoja. Nikangoja weee. Ikabidi niamue mwenyewe kwamba liko sawa."

Akamaliza chai yake, akachukua daftari, akatoka. Baada ya hapo alifanya kazi miaka tisa mingine. Kwa jumla amefundisha wasoma mita kumi na mmoja, mimi nikiwa mwanafunzi mkaidi kuliko wote.

Sasa binti yake amemwandalia chumba mji mwingine, ghorofa ya tatu. Ameniambia haogopi upweke, ameshauzoea. Anaogopa mikono kukaa bure.

Mama, asante kwa kila mita, kila mtaro na kila mbwa. Mungu akupe afya, wajukuu wakuchoshe vizuri, usingizi wako uwe mtamu. Na mikono ikikuwasha, njoo utusalimie. Bandani hapa ofisini kuna baiskeli saba, na hakuna hata moja inayokwenda sawa.