Tiketi Mbili za Dobi

Kijiwe chetu kina kanuni moja, na leo naijutia: hakuna kuinuka kwenda kufanya jambo mpaka benchi zima likubaliane. Ilianza siku Redio, kinyozi wetu asiyezimika mdomo, alipokimbilia simu ya bei poa bila kutushauri, akafungua boksi nyumbani akakuta kipande cha sabuni. Basi wiki nzima tumekunywa kahawa ya Shangazi tukijadili tiketi. Kundi la mchezo wa nyimbo, lile linalozunguka nchi hadi nchi, liko ukumbi mkubwa, mitaa miwili tu kutoka hapa, na bei zake hazishikiki. Sisi wengine tusingejali. Lakini binti wa Dobi, mzee wetu wa kufua nguo, yumo jukwaani, mwitikiaji wa mstari wa nyuma. Miaka sita iliyopita Dobi alimwambia mbele yetu, “Ukiondoka na waimbaji hao, usinitafute tena.” Naye binti hakumtafuta. Sasa mzee anataka kumwona, yeye na mkewe, hata kwa mbali. Onyesho la mwisho ni leo, saa tisa alasiri.

— Tumefikia wapi? — Dobi aliuliza saa nne asubuhi, hata hajakaa. — Mama watoto kashavaa. Ananiuliza mimi, nami nawauliza nyie.

— Tulia, mzee wangu. Haraka haraka haina baraka, — Redio akajibu. — Nasikia dirishani wanatoa tiketi chache za bei ya chini kila asubuhi.

— Umesikia kwa nani? — Dobi akauliza.

— Kwa mteja. Nilikuwa namnyoa.

— Mtu mwenye wembe shingoni atakubali lolote! — akadakia Mkurugenzi. Huyu ni fundi miavuli. Cheo kakipata kwa mkoba wake wa ngozi, ambao ndani yake mna vijiti vya miavuli tu. — Zile ni za wenye kadi za benki. Ukienda na noti, mlinzi anakutazama kama umekuja kuomba maji.

— Umemwona? — Redio akauliza.

— Si lazima nimwone. Walinzi nawajua.

Shangazi akajaza vikombe, akaguna.

— Kuna viti vya nyuma ya nguzo, — Redio akaendelea. — Nusu bei. Unasikia kila kitu, ila huoni.

— Mke wangu anataka kumwona, — Dobi akasema.

— Basi twende kwa vipande, — akasema Mkurugenzi. — Matajiri hawana subira, wakati wa mapumziko wanaondoka. Tunawaomba tiketi zao mlangoni. Leo nusu ya pili, kesho nusu ya kwanza. Bandu bandu huisha gogo.

— Kesho ipi, Mkurugenzi? — Dobi akasema. — Leo ndiyo mwisho.

— Apite mlango wa nyuma na nguo begani! — Redio akapaza sauti. — Nani atamzuia dobi? Aseme kaleta joho la mfalme.

— Na mkewe? — Mkurugenzi akauliza.

— Ndani ya furushi!

Tulicheka, nami nilicheka. Dobi hakucheka.

— Au chini ya jukwaa, — Mkurugenzi akasema, uso mkavu kabisa. — Pale pana uvungu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mnalala chali, mnasikia nyayo za mwanenu juu.

— Nitazijuaje nyayo zake? — Dobi akauliza.

— Lakini na wewe mzee, mtoto umleavyo… — Redio akaanza, kisha akameza maneno.

— Malizia tu, baba. Nilimtamkia neno baya. Nililijutia hata basi lao halijatoka kituoni. Nilisimama pale, mdomo mzito, basi likaenda.

Hapo ndipo nami, fundi saa, nikatia langu. Naliandika kama nilivyolisema:

— Ngoja kwanza tukubaliane, mzee. Muda bado upo.

Tukaendelea. Sita ikapita, nane ikapita, hata tisa ikapita, saa zote zikilia mezani kwangu. Saa kumi hivi akaja mwanamume mgeni, fulana yake ina picha ya ule mchezo, akaomba kahawa. Ni dereva wa lori la mapambo ya jukwaa.

— Tiketi za bei nafuu bado zipo? — Redio akamrukia.

— Aa, kaka, umechelewa. Asubuhi zilikuwepo, tena foleni ya watu wachache tu.

— Kwa kadi za benki? — Mkurugenzi akauliza.

— Kwa noti. Hata kwa sarafu.

Mkurugenzi akautazama mkoba wake.

— Na zilikuwepo mbili za bure, — dereva akaendelea, akipuliza kahawa. — Sisi tunapewa za jamaa zetu. Kuna binti mmoja wa mstari wa nyuma, kila siku anaacha bahasha dirishani, “Baba na Mama.” Kila jioni anaifuata, anaikuta palepale. Leo kasema onyesho likianza hawajaja, wapewe wengine. Wamepewa wanafunzi wawili.

Hakuna aliyeinua kikombe.

— Nyumbani haendi, anasema alikatazwa. Ila tunaondoka leo, kaniomba nimuulizie. Baba yake ni dobi, mtaa huu huu. Mnamjua? Anataka kujua tu kama bado yuko hai.

Dobi alikuwa amekaa kati yangu na Redio. Shangazi alimtazama, akatutazama sisi. Dereva akangoja, akarudia swali lake taratibu, akidhani hatukumsikia.