Tairi la Dada Paskazia

Pale Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka, kulikuwa na benchi la mbao za masanduku ya sabuni, na miaka ile soko huria lilipokuwa bado jipya kama sahani za arusi, hakuna jambo lililopita mbele ya benchi hilo bila kujadiliwa hadi likaomba maji. Upande wa kivuli Damas aliweka birika lake la kahawa. Upande wa jua Batholomeo, aitwaye Spana, aliziba pancha za baiskeli. Katikati alikaa Thobias, aliyewahi kuwa tarishi wa wizara, na tangu hapo akaitwa Waziri. Asubuhi moja alitokea Yoramu Debe, muuza mtama, amekumbatia godoro jipya. Akaketi nalo mapajani kama mtu aliyepakata mgonjwa.

Basi la Mlali lilikuwa linaondoka saa nne, naye alikuwa anakwenda kumchukua mama yake, Bi Evodia, aje akae mjini. Barua kutoka kijijini ilisema Dada Paskazia hajafika majuma matatu. Baiskeli yake imekwisha tairi. Huyo Paskazia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Anazunguka nyumba kwa nyumba, kipimo cha presha kikapuni, anapima, anauliza umekula nini, anahesabu vidonge vilivyobaki, anaandika kwenye daftari, anaaga.

— Anachoma sindano? Waziri aliuliza.

— Hachomi.

— Basi huyo ni mgeni, si tabibu. Mgeni mstaarabu tu, anayetembea na kipimo.

Yoramu alicheka kwa meno, moyo ukabaki palepale. Alitaka mtu amwambie anafanya vyema, maana mama mwenyewe mjini hakutaka. Mwaka uliopita Paskazia alimkuta anapepeta mtama, mzima, anaimba. Akampima, akampima tena, akamwandikia kikaratasi na kumpeleka zahanati siku ileile. Mama alirudi na vidonge, na tangu hapo anamwambia kila mtu kuwa ameokolewa. Ameokolewa na nini? Yoramu hakujua. Hakuna aliyemwona akianguka.

Hapo kijiwe kikapata kazi. Waziri alieleza kwamba ugonjwa usiousikia si wako, umeazimwa tu na kipimo. Spana, ambaye mambo ya pampu ni yake, alisema ule mpira unaobana mkono unaisukuma damu yote kichwani, ndiyo maana namba zinapanda. Waziri hakukubali kupitwa. Kwa taarifa alizokuwa nazo, wenye viwanda vya vidonge wanawahesabu mabibi wa Ugogo mmojammoja, wajue wapakie meli ngapi. Damas, ambaye kwa kawaida hasemi, alitaka kujua meli hizo zitashushia Dodoma sehemu gani.

— Miaka kumi na tisa naziba pancha, Spana alifunga hoja, sijaona baiskeli iliyoponya mtu. Matibabu gani hayo yanayokufa kwa sababu ya tairi? Mlete mama, Debe. Kutoka kwako hadi hospitali hata kobe anafika.

Hilo ndilo Yoramu alilokuwa akilisubiri. Akainuka na godoro lake, mwepesi.

— Mbukwenyi, ilisikika sauti ikisalimia kwa Kigogo.

Alikuwa mama muuza maziwa, anasukuma baiskeli iliyokaa chini gurudumu la nyuma. Spana akauzamisha mpira kwenye beseni kutafuta mapovu, na kwa kuwa kijiwe hakimfichi mgeni kitu, Waziri akamsimulia yote, meli zikiwemo. Mama yule akamgeukia Yoramu.

— Samahani, kaka. Akija kwako, mchana anabaki na nani?

— Peke yake. Mimi na mke wangu tunakuwa sokoni. Lakini hospitali iko palepale.

— Nimesikia. Ila mwaka jana alikuwa anapepeta mtama, hata kichwa hakimuumi. Siku kama ile, hapa mjini, nani atajua kwamba inabidi aende?

Spana aliyatazama mapovu. Damas aliinamisha birika; likatoa machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.

Yoramu alikiona akilini chumba chake saa sita mchana, mama ameketi kitandani, amevaa vizuri, anasubiri hodi. Hospitali inaonekana kwa dirisha. Akalilaza godoro juu ya benchi.

— Spana. Tairi la ishirini na nane unalo?

Spana alishusha moja, akalipangusa vumbi, akaongeza na mpira wa ndani bila kuombwa. Yoramu akalivaa begani, akamwachia Damas godoro amtunzie, akaelekea kituoni. Alikuwa ameshavuka barabara aliposikia anaitwa. Spana alikuwa amesimama kando ya beseni, mkono mmoja wa shati ameukunja hadi juu, anautazama kama si wake.

— Debe, alisema. Hicho kipimo, kinauma?