Supu ya Vichwa Iliyomsimamisha Moraa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na mliosinzia huko nyuma, asifiwe polepole, msishtuke. Mimi ni Kwamboka wa kidato cha pili, yule mliyemtoa kwaya kwa sababu ya kicheko.

Mwaka jana mdogo wangu Moraa, wa miaka miwili, alivimba miguu. Nywele zikawa rangi ya majani makavu ya mgomba. Hakulia, hakucheza. Muuguzi alisema tumbo limejaa ndizi lakini mwili una njaa: atafutiwe maziwa, mayai au samaki. Na ng'ombe wetu, aliyenunuliwa mwaka wa uhuru, alikuwa amekufa. Ndugu zangu, hata mimi niliacha mzaha.

Nikaenda soko la Daraja Mbili kwa Mama Atieno, mama wa ziwani anayepasua samaki na kuwauza vipande. Vipande sikuvimudu, lakini vichwa na mifupa hakuna aliyenunua. Paka ndio waliokuwa wateja.

"Nyinyi watu wa milimani!" akasema. "Hizo mnazoita takataka zimenilelea watoto sita."

Akanifundisha: ponda vichwa na mifupa, tia vipande vya papai bichi na maji ya uvuguvugu, ngoja kidogo papai lilainishe nyama, kisha chemsha sana, chuja. Supu hiyo hata tumbo dhaifu linaipokea.

Nikapika. Mama yangu, mnamjua alivyo mshika Sabato, akafunika sufuria.

"Maandiko yanasema samaki safi ana mapezi na magamba. Wewe umeponda kila kitu! Nitajuaje si kambare, asiye na magamba?"

"Mama, si umuulize samaki mwenyewe? Mdomo anao."

Nilipata kofi. Supu ikamwagwa mgombani, Moraa akalala bila kitu. Nikaomba, na safari hii sikuchungulia wenzangu wakiomba.

Asubuhi nikamwomba Mama Atieno vichwa vizima, mapezi, na ngozi yenye magamba.

"Unapeleka mashahidi kortini?" akacheka.

Nikavipanga mezani kando ya Biblia. Mama akakagua gamba kwa gamba kama anayechagua mawe kwenye punje za wimbi. Kisha akachukua jiwe akaponda mwenyewe.

Siku ile Moraa alikunywa vijiko vitatu. Wiki zikapita, uvimbe ukashuka. Siku moja akaninyang'anya bakuli langu akakimbia nalo. Haleluya! Sijawahi kufurahia kuibiwa hivyo.

Namshukuru Mungu, na Mama Atieno, na mama aliyekubali kuangalia mara ya pili. Ndugu yangu, kama una mtoto aliyelegea, usimfiche kwa aibu. Mpeleke kwa muuguzi, mwamini Bwana, nami nitakusindikiza sokoni. Kama una shaka, Moraa ndiye yule anayevuta koti la mchungaji.