Chupa Tisa, Banda Moja

Kwenye basi la asubuhi la kwenda mjini Pleven, kijana wa maabara alikaa mbele yangu na sanduku la barafu miguuni, akimringia Bibi Stoyanka wa kijijini kwetu kana kwamba kuku kawaumba yeye. "Bibi, nimepima kinyesi cha kuku wa nyumba tisa za kwenu. Kwingine kila banda lina vimelea vya ukoo wake, chanjo ikifaa hapa, pale haifai. Kwenu vyote ukoo mmoja! Chanjo moja itawatosha."

Bibi akatema ganda la alizeti kiganjani. "Mjukuu wangu, umesoma mpaka ukapitiliza. Si uliwaambia wakuletee kinyesi?"

"Ndiyo, kwenye chupa safi."

"Haya. Nani atampa mgeni wa mjini kinyesi chenye damu, halafu aonekane mchafu? Wote tisa walikuja kwangu na vijiko, maana kuku wangu ndio hawaharishi. Mmoja akaniletea na pombe ya rakia ya shukrani, kali hiyo!"

Kijana akawa mweupe kama yai. "Na kuku wao?"

"Wanakufa. Lakini kwa heshima."

Akafungua sanduku, akaanza kusoma majina ya wenye chupa kwa sauti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu kuhusu mabasi. Alipofika chupa ya sita, Bibi aligeuka akanitazama. Nikamwomba dereva asimame, nikashuka vituo vitatu kabla ya mjini. Ya saba ilikuwa yangu. Na rakia pia.