Vasiti Raikadroka na Swali Alilolipeleka Sokoni

Marehemu Vasiti Raikadroka alizaliwa Lavena, kisiwani Taveuni, tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Apisai na Bi. Lusiana. Alisoma kijijini, kisha mji mkuu, Suva, akahitimu ukutubi. Mwaka 1981 aliajiriwa katika maktaba ya mji wa Nasavu na hakuhama tena.

Mwaka 1984 aliolewa na Isireli Bolatagi, fundi wa mashua. Posa ilipita kwa jino moja la nyangumi, zawadi ya heshima ya kuposea, ingawa upande wa kina Vasiti ulidai mawili.

Mwaka 1996 baraza la mji lilitaka kuligeuza jengo la maktaba liwe maduka. Vasiti alitakiwa aonyeshe wasomaji wanahitaji nini. Akagawa hojaji. Zote zilirudi na jibu moja: kila kitu kizuri, asante.

"Bibi, kama hawahitaji kitu, si tufunge?" diwani akamwambia.

Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Kwao, mwenye nyumba akikuuliza kama umeshiba, unasema umeshiba. Na humo maktabani mwenye nyumba alikuwa yeye. Basi akaenda kuketi sokoni, mkekani kwa Kamla Wati, muuza bilinganya.

"Dada, mara ya mwisho ulipokwama, ulimuuliza nani?"

"Dereva wa basi. Mkataba wa shamba letu la miwa unaisha."

"Dereva! Anajua nini huyo?"

"Hajui lolote! Lakini ananisikiliza. Kule kwenu mtu akifungua mdomo tu, shii!"

Vasiti alicheka mpaka akanunua bilinganya asizozihitaji. Swali hilohilo akalipeleka kwa wavuvi, na kwa wanaume wanywao kava, kile kinywaji cha mizizi. Majibu yao ndiyo aliyoyafikisha barazani: mikataba ya ardhi, dawa za kisukari, ada za shule. Akaweka maktabani meza ya watu kuongelea shida zao, na kila Ijumaa akamketisha hapo afisa wa ardhi. Foleni ikafika barabarani. Baraza likaliacha jengo.

Alistaafu mwaka 2013. Sukari ilipomshika, kila muuguzi alipomuuliza hali, alijibu, "Nzuri, asante."

"Mama," binti yake Taraivini akamkemea, "na wewe unajaza hojaji?"

Ndipo akauonyesha mguu wake wenye kidonda. Ulikuwa umekwishaharibika. Alifariki hospitalini tarehe 14 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, Taraivini na Peni, wajukuu watano, na dada yake Salote.

Mungu ampokee na ampumzishe. Wenye shida zenu, maktaba itafunguliwa Jumatatu asubuhi, kama kawaida.